Daktari Ataona Retina, Hataona Tarehe

Ukipewa barua ya kwenda kwa mtaalamu wa retina, iwe umeandikiwa na kliniki ya kisukari au na daktari wa macho wa kawaida, tenga siku nzima. Retina ni utando ulio nyuma kabisa ya jicho, na haionekani vizuri mpaka mboni ipanuliwe kwa matone. Matone huchukua dakika 20 hadi 30, na macho meusi kama yetu huwa mazito kufunguka, kwa hiyo usishangae muuguzi akirudi kukutia mara ya pili na ya tatu. Juu ya hapo kuna foleni, ubao wa herufi, kupimwa presha ya jicho na picha, ndipo umfikie daktari mwenyewe.

Kinachokosekana zaidi chumbani ni historia. Daktari ana taa na lenzi za kumwonyesha retina, lakini hana mashine ya kumwambia tatizo lilianza lini. Mgonjwa akiulizwa hujibu "kitambo", na kitambo cha mtu chaweza kuwa wiki mbili au miaka miwili. Retina iliyobanduka juzi na iliyobanduka mwaka jana hazitibiwi kwa haraka moja, wala hazina tumaini moja. Basi andika kwenye karatasi kabla ya kutoka nyumbani: ni jicho lipi, lilianza lini, ghafla au polepole, na unaona nini hasa.

Ili kujua ni jicho lipi, ziba moja kwa kiganja. Usitumie vidole, kwa sababu jicho huchungulia katikati yake. Kisha tazama fremu ya mlango au mistari ya vigae vya sakafuni, halafu ubadilishe jicho. Mistari ikipinda au kipande cha katikati kikikosekana, hiyo ni habari muhimu, maana yaelekeza kwenye makula, sehemu ya retina inayotumika kusoma na kutambua nyuso. Wengi hugundua hapo kwamba jicho moja liliacha kazi zamani na mwenzake ndiye aliyekuwa akilibeba.

Lakini ukianza kuona mimweko ya mwanga kama radi, vidoadoa vingi vinavyoelea kwa ghafla, au kivuli kama pazia kinachoingia kutoka upande mmoja, usingoje tarehe ya miadi. Nenda siku hiyo hiyo hospitali yenye idara ya macho. Retina ikibanduka kabla makula haijaguswa, hata siku moja ina thamani.

Dawa zako zote zitie mfukoni na uje nazo na pakiti zake, matone ya macho pia. "Kidonge cheupe cha presha" hakimsaidii mtu. Anayetumia haidroksiklorokwini kwa ajili ya lupasi au baridi yabisi ajue uzito wake wa sasa na mwaka alioanza dawa: kipimo kwa kawaida hakizidi miligramu 5 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, na baada ya miaka mitano retina huchunguzwa kila mwaka. Anayemeza dawa za kuyeyusha damu asiziache kwa uamuzi wake mwenyewe, aseme tu. Na huku Pwani ya Kenya tusisahau selimundu, au sikoseli kama wengi wanavyoiita. Huziba mishipa midogo ya retina, na wenye aina ya SC, ambao mara nyingi huonekana wazima kuliko wa SS, ndio hasa hupata madhara makubwa ya jicho. Sema hata kama umekuja kwa jambo jingine.

Mwenye kisukari ale na ameze dawa zake kama kawaida, isipokuwa ameambiwa vingine. Wako wanaokuja na njaa wakidhani ni kama kwenda kutolewa damu, sukari ikashuka saa nne wakiwa kwenye benchi. Beba kitu cha kutafuna na maji. Lete majibu ya HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari ya miezi kama mitatu), vipimo vya figo na daftari la presha, kwa sababu uvimbe wa makula hauponi vizuri presha ikiwa juu. Ramadhani, suala la matone na swaumu mwulize sheikh wako mapema, si ukiwa umeshainua kichwa mbele ya muuguzi.

Njoo bila wanja. Huchafua lenzi za daktari, na siku ya sindano ya jicho humpa muuguzi kazi ya kuusafisha ukingo wa kope. Lete miwani yote, ya mbali na ya kusomea. Mwenye lenzi za kubandika aje na kikasha chake, kwani atazitoa. Kidevu na paji la uso hukaa kwenye mashine, kwa hiyo anayevaa nikabu aombe mapema ahudumiwe na mwanamke, kama yupo.

Fomu zote zijaze kabla ya matone, maana baadaye hutasoma kitu cha karibu. Uliza pia kama picha au sindano inahitaji kibali cha bima, na hakikisha umesajiliwa SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024.

Usije ukiendesha gari wala pikipiki. Ukungu na mng'ao huendelea kwa muda wa saa 4 hadi 6, kwa wengine hadi kesho yake. Njoo na mtu, kofia na miwani ya jua. Anayerudi Likoni, ng'ambo ya kivuko cha Mombasa, ndiye amhitajiye zaidi huyo mtu: mteremko wa feri, msukumano na jua linalorudi kutoka majini, vyote dhidi ya mboni isiyofumba.

Picha ya OCT, inayoonyesha tabaka za retina, haigusi jicho. Kwa ile ya rangi, rangi yenyewe huingizwa kupitia mshipa wa mkono. Kichefuchefu cha muda mfupi hutokea, ngozi hugeuka manjano, na mkojo huwa wa rangi ya chungwa kwa siku moja hivi. Taja mzio wowote na ujauzito kabla.

Sindano ya jicho, kama ile ya kutibu uvimbe wa makula, huogopwa kuliko inavyostahili. Dawa ni mililita 0.05 tu, jicho hutiwa ganzi, na kinachowasha zaidi ni ayodini ya kusafishia. Tatizo la kweli ni hesabu: mara nyingi huanza kwa sindano ya kila mwezi, miezi kadhaa mfululizo. Uliza bei ya mfululizo, si ya sindano moja, na uulize kama bevasizumabu, ambayo ni ya bei nafuu, inakufaa. Wako wanaochoma moja, wakaona afadhali, wakapotea. Uvimbe hurudi, nao hurudi wakiwa wamechelewa.

Baadaye usifikiche jicho, na bahari iache kwa siku kadhaa. Doa jekundu kwenye weupe wa jicho huisha lenyewe kwa wiki moja au mbili. Maumivu yanayozidi, uoni unaoshuka au mwanga usiovumilika ndani ya wiki ya kwanza huenda ni maambukizi ndani ya jicho: rudi siku hiyo hiyo, usipitie duka la dawa.

Na ukifanyiwa upasuaji wa retina ukawekewa gesi ndani ya jicho, usiende Nairobi mpaka daktari aseme imeisha. Wengi hukatazwa ndege wakakimbilia treni ya SGR au basi. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na gesi iliyowekwa Mombasa hutanuka njiani ukipanda, presha ya jicho ikapanda nayo. Gesi ya SF6 hukaa kama wiki mbili, C3F8 hadi wiki nane. Uliza umewekewa ipi, na ukipelekwa kwa upasuaji mwingine wowote kabla haijaisha, mwambie mtu wa nusukaputi.