Ukuta wa Mbezi Beach na modeli isiyojua mchanga

SWALI: Shikamoo mhandisi. Nafanya kazi kwa mkandarasi hapa Dar es Salaam. Tuna modeli ya kompyuta ya mawimbi na mchanga kwa mteja wa Mbezi Beach anayetaka ukuta wa mawe unaoingia baharini. Gridi yangu, yaani vyumba ninavyoigawia bahari kwenye hesabu, ni ya mita 10, na matokeo yanasema ufukwe utajaa mchanga ndani ya miaka miwili. Bosi anataka nishushe gridi hadi mita 2 ili matokeo yawe sahihi zaidi. Nishushe?

JIBU: Marahaba, kijana. Usishushe. Utaitesa kompyuta siku nne upate kosa lile lile, safari hii likiwa na rangi nzuri zaidi.

Swali lako lina kila kitu isipokuwa mchanga wenyewe. Hukutaja kipenyo cha chembe, na nahisi najua sababu: umeacha namba iliyokuja na programu. Nenda ufukweni maji yakipwa, chota kuanzia juu mpaka maji ya kiuno, kausha, pitisha kwenye chekeche za maabara. Karibu na mdomo wa mto utapata mchanga wa mtoni. Ukisogea, vipande vya magamba na matumbawe, bapa, ambavyo huzama taratibu kuliko chembe ya mviringo. Modeli yako inaviona vyote kuwa kitu kimoja.

Wengi hudhani wimbi husukuma mchanga kama fagio. Wimbi huukoroga. Chini ya kilele cha wimbi maji hukimbilia pwani kwa muda mfupi, chini ya bonde hurudi polepole kwa muda mrefu zaidi, na chembe huishia karibu na ilipoanzia. Unachokitafuta ni tofauti ndogo kati ya safari mbili kubwa, na mkondo, hata dhaifu, unaweza kuigeuza. Ndiyo maana kosa dogo huzaa kubwa. Kwa kanuni iliyozoeleka ya mchanga unaosafiri kandokando ya pwani, kiasi chake hufuata kimo cha wimbi kwa kipeo cha 2.5. Ukizidisha kimo kwa asilimia 20, mchanga unazidi kwa karibu asilimia 58. Gridi ya mita 2 hailigusi hilo.

Na mawimbi yako umeyatoa wapi? Kama ni kwenye modeli ya dunia nzima, hiyo haivioni visiwa vya Mbudya na Bongoyo. Kwetu wimbi hupita kati ya visiwa, hupinda, hupoteza nguvu juu ya miamba. Halafu usiniletee wastani wa mwaka. Kusi, takriban Aprili hadi Oktoba, hupeleka mchanga kaskazini. Kaskazi hurudisha sehemu yake tu.

Niliwahi kuitwa kukagua kazi ya namna hii. Ramani ya modeli ilionyesha doa jekundu, shimo la mita mbili mbele ya ukuta. Nikaenda na kipande cha nondo, nikakidunga pale pale. Sentimita thelathini, kikagonga mwamba. Modeli ilikuwa imechimba jiwe, kwa kuwa hakuna aliyeiambia kuwa chini kuna jiwe. Mteja alikwisha kulipa.

Hao wanaouza kuta kwa video za modeli wananichosha. Ukuta hauzai mchanga, unaukamata ukiwa njiani kwenda kwa jirani wa kaskazini. Jirani akikauka naye anajenga wake, na muuzaji anapata kazi ya pili. Huku juu, mito kama Tegeta na Mbezi, iliyokuwa ikiulisha ufukwe huo, imechimbwa mchanga miaka na miaka tujengee nyumba. Kama hilo halimo kwenye hesabu yako, miaka miwili umeitoa hewani.

Anayetaka kununua ukuta aombe kitu kimoja kabla ya kulipa: vipimo vya kina cha mahali pale, kabla na baada ya kusi, na modeli iliyoweza kuyarudia mabadiliko hayo bila kuonyeshwa jibu. Asipopewa, basi ameuziwa katuni.

Wewe mwambie bosi akodi mashua. Mpime sasa, mrudie kusi ikiisha, ndipo tuzungumze gridi.