Zuwakulu kwenye tawi kavu la mparachichi

Ndugu yangu wa Tukuyu, umeeleza kwamba ndege mwenye mdomo mnene na vinyweleo vigumu kuuzunguka anatoboa tawi kavu la mparachichi wako na kudonoa mapapai, nawe unataka kulikata. Huyo ni zuwakulu, jamaa wa tukani wa Amerika Kusini. Huchimba kiota katika mti uliokwisha kufa, kwa hiyo si yeye aliyelikausha. Niliwahi kukata tawi kama hilo hapa Iringa, nikakuta ndani makinda mawili yasiyo na manyoya, na hadi leo najuta. Subiri yaruke kwanza. Mapapai yachume yanapoanza tu kupiga manjano. Sumu usitumie kabisa, kwani ndege huyu hula wadudu pia na kueneza mbegu za mikuyu. Matundu yakitokea kwenye matawi mabichi, mwone afisa ugani.