Droo ikikauka, nani anaijaza?

Mmeuliza wiki hii: je, kuwafutia wagonjwa ada kunavilemea vituo vya afya? Kunavilemea. Nimeuona mzigo wenyewe, maana nilikuwa mweka hazina wa kamati ya zahanati.

Ada yetu ilikuwa ndogo. Wachumi husema ada za wagonjwa ni kijisehemu tu cha bajeti ya afya, na hawakosei. Ila bajeti haikai mkononi mwa mganga mfawidhi. Vijisenti vile ndivyo vilivyonunua glavu na sabuni, vikamlipa mfagiaji na mlinzi, watu ambao serikali haikuwa nao kwenye orodha ya mishahara. Kikipungua kitu asubuhi, jioni kimeshanunuliwa. Ada ilipofutwa, droo ya fedha ilikauka siku hiyohiyo, na fedha ya kufidia ikaja kwa mwendo wa kobe.

Wagonjwa, wao, hawasubiri. Uganda ilipofuta ada katika vituo vya umma mwaka 2001, mahudhurio yalipanda sana, hasa ya maskini. (Msinihesabu miongoni mwa watetezi wa ada: watu hao walikuwa wakiumwa tangu zamani, ni sisi tu tuliokuwa hatuwaoni.) Lakini muuguzi anabaki yuleyule, na dawa iliyokadiriwa kufika mwisho wa robo mwaka inakatika njiani. Mgonjwa anapimwa bure, kisha anapewa cheti akanunue dawa mwenyewe. Ada imehama dirisha la zahanati, imehamia duka la dawa, na huko hakuna msamaha.

Kupanga mapema kunasaidia. Burundi, Mei 2006, rais alitangaza matibabu ya bure kwa watoto chini ya miaka mitano na kwa wanaojifungua. Vituo vikajipanga wagonjwa wakiwa tayari wamejaa mlangoni. Sierra Leone, kinyume chake, walianza na watumishi: kabla ya kuzindua mpango wao Aprili 2010, walipandisha mishahara na kusafisha orodha ya watumishi hewa. Dawa ziliwasumbua hata hivyo, ila angalau aliyeongezewa kazi aliongezewa na mshahara.

Sisi hatukuongezewa kitu. Fidia ya kwanza ilipoingia kwenye akaunti, mlinzi alikuwa ameshaniachia funguo mezani, akaenda zake.