Kabla hujaandika chombo cha angani, uliza bei ya mafuta ya jenereta

Skripti za sayansi ya kubuni ninazotumiwa na vijana wa hapa Moshi na wenzao wa Arusha huanza karibu kwa namna moja: vyombo vya angani vinapita juu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, Himo imekuwa jiji la vioo, roboti zinapigana barabara ya Taveta. Nazisoma kwa raha kabisa. Kisha nauliza, jamani, hii nani anailipia?

Siulizi kwa kebehi. Naishi kwa kuandika tamthilia. Nyingi ni zile mnazozijua, za mama mkwe na urithi wa kihamba, shamba la ukoo. Chache, ambazo ndizo nizipendazo, ni za sayansi ya kubuni. Na hizo chache ndizo zinazomdai mwandishi ajue bei ya vitu kuliko zote. Ukiandika "NJE. USIKU" umeshaagiza jenereta, mafuta, taa, chakula cha pili na bodaboda za kuwarudisha waigizaji Majengo na Pasua. Ukiandika mvua wakati wa masika utaipata bure, sawa, ila ikianza kupiga bati hakuna mazungumzo yatakayosikika. Ukurasa mmoja wa skripti ni kama dakika moja kwenye skrini, lakini mistari miwili uliyoiandika kwa furaha saa nane za usiku yaweza kumlia prodyuza siku nzima ya kazi.

Msidhani huu ni umaskini wetu peke yetu. Mwaka 1953 Nigel Kneale aliwaandikia BBC The Quatermass Experiment, tamthilia ya sehemu sita iliyorushwa moja kwa moja kutoka studio. Mwishoni, dude lililotokana na mwanaanga aliyerudi duniani linatanda ndani ya kanisa la Westminster Abbey. Kanisa lenyewe lilikuwa picha iliyokuzwa na kutobolewa. Kneale akapenyeza hapo mikono yake mwenyewe, ndani ya glavu zilizobandikwa mimea na ngozi, alizozitengeneza pamoja na mchumba wake, Judith Kerr. Basi. Glavu zile zilifanya kazi yake kwa sababu watazamaji walikuwa wameshamfuata yule mwanaanga wiki baada ya wiki, wakimwona akigeuka kidogo kidogo kuwa kitu kingine.

Star Trek, tamthilia ya safari za anga iliyoanza kurushwa Marekani mwaka 1966, nayo ilikuwa na shida ya namna hiyo. Chombo kikubwa, sayari mpya karibu kila wiki. Kukionyesha kikitua kila mara ni fedha. Ndipo Gene Roddenberry, aliyeibuni, na wenzake wakaja na mtambo wa kuwafifisha watu chomboni na kuwaibusha ardhini. Wapo wanaodhani ule mtambo ulitoka kwenye kitabu cha fizikia. Ulitoka kwenye daftari la hesabu.

Kwa hiyo mimi nina sharti moja: kitu kigeni kimoja tu, mengine yote yabaki Moshi kama ilivyo. Pikipiki zibaki, kikoba kibaki, mbege, pombe yetu ya ndizi, ibaki. Niliwahi kuandika hadithi ya wakati ujao ambapo barafu ya Kibo imekwisha. Hapo sikubuni sana, maana kati ya mwaka 1912 na 2011 zaidi ya asilimia 80 ya eneo la barafu ile lilishapotea. Nilichobuni ni mashine inayogawa zamu za maji ya mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia mashamba, badala ya wazee. Haina shemeji, haipokei mbege, haimwogopi mtu. Mwanzoni kijiji kizima kinashangilia. Halafu bibi mmoja anakuja asubuhi na khanga yake begani: "Mashine, mwanangu kafiwa, watu wanakuja, nipe maji leo." Mashine inamjibu kwa adabu zote: "Zamu yako ni Alhamisi, bibi."

Sehemu yote iliyobaki imejengwa juu ya jibu hilo. Mzee wa mfongo angempa maji bibi yule, kisha angegombana na jirani mwenye zamu, kisha wangesuluhishwa. Mashine haiwezi kugombana na mtu. Na gharama yake? Sanduku bovu la mita ya umeme lililopakwa rangi, taa ya kijani, na sauti ya mama mmoja wa kwaya aliyesoma maneno akiwa amekaa ndani ya gari tupate utulivu. Mifongo ipo, migomba ipo, mlima hautozi lokesheni ukiupiga picha kwa mbali.

Kama unatafuta hicho kitu kigeni kimoja, usikitafute mbali. Maji ya maeneo mengi kuzunguka Mlima Meru yana floridi nyingi, ndiyo maana meno ya watu wengi wa kule yana rangi ya kahawia. Pale Tengeru, katika Taasisi ya Nelson Mandela, Askwar Hilonga alitengeneza chujio la maji la teknolojia ya nano, na mwaka 2015 likampa tuzo ya uhandisi kwa Afrika ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza. Mtu anayetaka kuandika sayansi akiwa Arusha, na hajawahi kupanda daladala ya Usa River akaenda kuwauliza watafiti wale wanahangaika na nini, simwelewi.

Faida nyingine ya uandishi huu ni kwamba unapita pale ambapo hadithi ya wazi inazuiwa. Rod Serling alijaribu mwaka 1956 kuandika tamthilia iliyotokana na mauaji ya Emmett Till, yule kijana mweusi wa Marekani. Wadhamini wakaipunguza makali hadi ikabaki haitambuliki. Mwaka 1959 akaanzisha tamthilia ya The Twilight Zone, akayasema mambo ya ubaguzi na hofu kupitia wageni wa sayari nyingine. Kati ya sehemu 156 aliandika 92 mwenyewe. Mimi pia, hadithi ya mgogoro wa ardhi iliwahi kukataliwa na mdhamini fulani kwamba "italeta maneno". Ile ya mashine ya maji aliipokea huyo huyo, akacheka sana. Angalizo tu: mhusika wako asianze kuhutubia. Mashine inayotoa mawaidha ni mwanasiasa mwenye waya.

Na mlango wa kuingilia? Usisubiri mtu atangaze anatafuta mwandishi wa sayansi ya kubuni. Dorothy Fontana alikuwa katibu wa Roddenberry, kazi yake kupiga taipu. Akaandika, akapewa uhariri wa hadithi za Star Trek, na ndiye aliyetuletea wazazi wa Spock, yule mhusika mwenye masikio yaliyochongoka. Alisaini D. C. Fontana ili skripti isihukumiwe kwa kuwa mwandishi ni mwanamke. Kwetu kazi inayolingana na ile ni kushika daftari seti: nani alivaa nini, kikombe kilikuwa mkono gani. Malipo ni madogo na utatumwa maji, lakini utaona kwa macho yako mistari gani inafutwa jua likianza kuzama.

Kuhusu fedha nitasema machache. Tamthilia hazinilipii kodi ya nyumba mwaka mzima. Matangazo ya redio na video za mashirika ndiyo huziba. Sajili kazi yako COSOTA, taasisi ya hakimiliki, kabla hujaisambaza kwenye WhatsApp. Mkataba wa mdomo ukatae hata kama prodyuza ni kaka yako wa ubatizo. Karatasi moja inatosha, ilimradi iseme unalipwa lini, jina lako linatokea wapi, na hadithi ni ya nani wakitaka msimu wa pili. Hicho kipengele cha msimu wa pili ndicho huachwa wazi, kwa hiyo soma hapo mara mbili, na ukishasaini piga picha kila ukurasa kwa simu kabla hujaondoka ofisini kwao.