Haidrojeni ndani ya bomba la gesi asilia: mtandao wa Dar es Salaam unaweza kupokea kiasi gani?

SWALI: Mhandisi, habari za kazi. Mimi ni fundi wa boila katika kiwanda kimoja hapa Chang'ombe, na boila yetu inatumia gesi asilia ya bomba. Nimesikia kwamba huko Ulaya wanachanganya haidrojeni hadi asilimia 20 katika mabomba yale yale ya gesi, na watu wanaendelea kupika bila kubadilisha majiko. Kwa kuwa sasa tuna umeme wa Bwawa la Nyerere, kwa nini tusipasue maji tupate haidrojeni, tukaiingiza katika mtandao wetu? Boila yangu itaihimili? Nina pia gari dogo linalotumia gesi, nalo litaathirika?

JIBU: Ndugu fundi, nashukuru kwa swali lako, na naomba nianze na jibu lenyewe. Kiwango cha haidrojeni ambacho mtandao wa gesi unaweza kupokea hakipangwi na bomba peke yake, bali hupangwa na kifaa kinachohimili kidogo kuliko vyote vilivyounganishwa na mtandao huo. Kwa Dar es Salaam kifaa hicho si boila yako wala jiko la mama aliyeunganishiwa gesi Sinza. Ni mtungi wa chuma uliofungwa nyuma ya gari lako. Ndiyo maana asilimia 20 uliyoisikia haiwezi kuletwa kwetu kama ilivyo, na hata ingewezekana, faida yake ni ndogo kuliko namba hiyo inavyoonekana.

Habari uliyoisikia ni ya kweli. Kuanzia mwaka 2019, Chuo Kikuu cha Keele nchini Uingereza kilitumia mchanganyiko wenye haidrojeni hadi asilimia 20 kwa ujazo katika mtandao wake chenyewe, na baadaye, kuanzia 2021, jaribio hilo likahamia Winlaton, kaskazini mashariki mwa nchi hiyo, ambako nyumba 668 zilipokea mchanganyiko huo kwa takriban miezi 10 bila majiko wala vifaa vya kupasha maji kubadilishwa. Wafaransa walifanya jaribio la namna hiyo karibu na Dunkerque, na Waholanzi walikuwa wamewatangulia wote katika kisiwa cha Ameland. Aidha, gesi ya makaa ya mawe iliyotumika katika miji ya Uingereza kabla ya kuhamia gesi asilia kati ya 1967 na 1977 ilikuwa na haidrojeni karibu nusu ya ujazo wake, na hadi leo gesi ya mjini ya Singapore na Hong Kong ina haidrojeni kwa wingi. Hata hivyo, vifaa vya miji hiyo vilitengenezwa kwa ajili ya gesi hiyo tangu mwanzo. Na mitandao ya Keele na Winlaton ilichaguliwa kwa makusudi, ikatengwa, na kila kifaa kilichomo kikakaguliwa kabla gesi mpya haijafunguliwa.

Sasa tuitazame hiyo asilimia 20. Ni asilimia ya ujazo, si ya nishati, na hapo ndipo wengi wanapopotea. Mita moja ya ujazo ya metani, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya gesi asilia, hutoa takriban megajuli 39.8 ikiungua kikamilifu, ilhali mita moja ya ujazo ya haidrojeni, kwa presha ile ile na joto lile lile, hutoa megajuli 12.7 tu. Ukichanganya sehemu 80 za metani na 20 za haidrojeni unapata megajuli 34.4 hivi, na katika hizo haidrojeni imechangia megajuli 2.5, ambazo ni karibu asilimia 7 ya nishati yote. Basi hata kama haidrojeni hiyo ingetengenezwa bila kutoa hewa ya ukaa kabisa, hewa ya ukaa itokayo katika dohani lako ingepungua kwa asilimia 7, si kwa 20. Na kwa kuwa kila mita ya ujazo imebeba nishati pungufu kwa asilimia 14, kiwanda kitahitaji mita za ujazo zaidi kwa karibu asilimia 16 ili kipate mvuke ule ule. Mteja anayelipia kwa mita za ujazo atalipa zaidi kwa joto lile lile, isipokuwa bei ihesabiwe kwa nishati. Jambo hili lazima limalizwe kabla ya valvu yoyote kufunguliwa, kwa sababu atakayeumia kwanza ni mwananchi mwenye mita ndogo.

Kuhusu gari lako, nakuomba usome kwa makini. Gesi ya magari hushindiliwa hadi kufikia bar 200, na mtungi hujazwa na kumalizwa mara nyingi katika maisha yake. Katika gesi yenye haidrojeni, baadhi ya molekuli hugawanyika juu ya uso wa chuma, atomu zake ambazo ni ndogo mno zikapenya ndani, na chuma kikapoteza uwezo wake wa kunyumbuka. Ufa mdogo ambao ungekaa miaka mingi bila madhara huanza kukua haraka kila presha inapopanda na kushuka, na kadiri chuma kilivyo kigumu ndivyo athari hiyo ilivyo kali. Kwa sababu hiyo kiwango cha kimataifa cha ISO 11439 na Kanuni namba 110 ya Umoja wa Mataifa vinaweka mpaka wa haidrojeni wa asilimia 2 tu kwa mitungi iliyotengenezwa kwa chuma chenye uwezo wa kuhimili kuvutwa unaozidi megapaskali 950. Linganisha na bomba la mtaani lenye presha ya bar 4: mchanganyiko wa asilimia 20 humaanisha haidrojeni ya bar 0.8 tu ndani ya bomba hilo, lakini gesi hiyo hiyo ikishindiliwa hadi bar 200, mtungi wako unabeba haidrojeni ya bar 40. Katika jiji ambalo vituo vya kujazia gesi vinaongezeka, na bajaji, teksi na malori yanapanga foleni kuvisubiri, sioni namna ya kupandisha haidrojeni katika bomba linalolisha vituo hivyo bila kwanza kuvitenga, au kuweka mitambo ya kuichuja haidrojeni pale kituoni.

Mabomba yenyewe sitayazungumzia sana. Yale ya polithini yanayotumika kusambaza gesi mitaani kwa presha ndogo hayana tatizo kubwa na haidrojeni. Yale ya chuma ya presha kubwa, kama bomba la inchi 36 linaloleta gesi kutoka Mtwara tangu 2015 na lile la zamani zaidi la kutoka Songo Songo, yangehitaji kupimwa upya, hasa kwenye maungio yaliyochomelewa. Mitambo ya umeme ya Kinyerezi nayo ina mipaka iliyowekwa na watengenezaji wake. Ukitaka kuchanganya, mahali pa kuchanganyia ni upande wa chini, baada ya mitambo hiyo na vituo vya magari, si kwenye bomba kuu.

Boila yako ndiyo sehemu ninayopenda kuifafanua kwa kina, kwa sababu hapo kazi ya fundi inaonekana. Tuchukue kwamba kichomeo chako kimefungwa kwa presha ya gesi isiyobadilika na uwiano wa hewa uliowekwa kwa mkono. Mchanganyiko wa asilimia 20 ni mwepesi kuliko gesi tuliyoizoea, kwa hiyo utapita katika tundu lile lile kwa wingi zaidi, karibu asilimia 10. Wingi huo unafidia sehemu ya nishati iliyopungua, na joto linalotoka hushuka kwa asilimia 5 tu. Mpaka hapo hakuna cha kuogofya. Lakini mita moja ya ujazo ya metani huhitaji hewa mita 9.5, na haidrojeni huhitaji 2.4 tu; ukijumlisha yote, kichomeo chako kitahitaji hewa pungufu kwa asilimia 6 au 7, ilhali feni inaendelea kuleta ile ile. Ikiwa uliirekebisha boila kwa hewa ya ziada ya asilimia 15, yaani juu ya ile inayotosha kuunguza gesi yote, utajikuta na asilimia 23 hivi, na kipimo chako cha oksijeni kwenye dohani kitapanda kutoka karibu asilimia 3 hadi kupita 4 kidogo. Utapoteza joto kidogo, lakini moto utakuwa salama.

Hatari iko upande wa pili, na wengi hawaitaji. Tuseme umeona oksijeni imepanda, ukapunguza hewa hadi ukarudi kwenye ile ziada ya asilimia 15, ukafunga mlango wa chumba cha boila ukaenda nyumbani. Usiku mtambo wa haidrojeni ukazimika, na gesi ikarudi kuwa metani tupu. Hewa yako ya ziada itashuka hadi kama asilimia 7, na kwenye kichomeo kisichochanganya vizuri, au chenye feni iliyochakaa, huo ni mwanzo wa kaboni monoksaidi, ile gesi yenye sumu, na masizi. Kwa maoni yangu, kubadilikabadilika kwa kiwango cha haidrojeni ni tatizo kubwa kuliko kiwango chenyewe. Boila inaweza kurekebishwa ifanye kazi kwa asilimia 0 au kwa asilimia 20; inayopandishwa na kushushwa kila siku inahitaji kifaa kinachopima oksijeni muda wote na kuongoza hewa chenyewe, na boila nyingi za viwanda vyetu vidogo hazina kifaa hicho.

Yako mengine mawili ya kuangalia. Kwanza, mwali wa haidrojeni hukimbia haraka sana. Mwali wa metani husafiri kwa takriban mita 0.4 kwa sekunde, wa haidrojeni huzidi mita 2, hivyo mchanganyiko huvuta mwali karibu na midomo ya kichomeo, na kichomeo kinachochanganya gesi na hewa kabla ya kuwaka kinaweza kurudisha moto nyuma, hasa kikiwa kimepunguzwa hadi chini kabisa. Pili, kitambuzi cha gesi kilichofungwa ukutani. Vile vinavyotumia miali ya infraredi haviioni haidrojeni hata kidogo. Vitaonyesha metani peke yake, na usomaji wake utakuwa pungufu kuliko gesi iliyomo chumbani. Haidrojeni huwaka hewani kuanzia asilimia 4 hadi 75, wakati metani huwaka kati ya 5 na 15, na cheche inayohitajika kuiwasha ni ndogo zaidi ya mara 10. Kitambuzi kinachosoma pungufu katika hali hiyo sikikubali.

Nimalizie na umeme wa Bwawa la Nyerere, kwani swali lako ni la haki na wengi wanaliuliza. Bwawa lile lina uwezo wa megawati 2,115, na ni fahari yetu sote. Kilo moja ya haidrojeni hutumia uniti 50 hadi 55 za umeme kuipata kutoka kwenye maji, na ikiungua huokoa gesi yenye nishati ya uniti 33 hivi. Chukua uniti hizo hizo 50 uzipeleke kwenye gridi, zipunguze kazi ya mtambo wa gesi Kinyerezi unaotumia uniti 2 hadi 3 za joto la gesi kutoa uniti 1 ya umeme: utakuwa umeokoa gesi ya uniti 100 hadi 150. Kwa hiyo maadamu tunachoma gesi ili kupata umeme, kupasua maji ili kuokoa gesi ni kurudi nyuma. Hesabu itabadilika pale tu patakapokuwa na umeme ambao kweli hauna pa kwenda, na hata wakati huo ningetanguliza viwanda vinavyohitaji haidrojeni yenyewe, kama vya amonia kwa ajili ya mbolea, badala ya kuichoma chini ya boila.

Gesi inayokufikia leo haijachanganywa haidrojeni; ile ya Songo Songo ni metani kwa takriban asilimia 97, kwa hiyo huna cha kubadilisha sasa. Nakushauri hata hivyo usome kibao cha mtengenezaji kwenye kichomeo na kwenye kifaa kinachoona mwali, uandike kiwango cha haidrojeni vinachoruhusiwa, na kama hakijatajwa, umwandikie mtengenezaji akujibu kwa maandishi. Kwenye gari, mwombe fundi aliyekufungia mtungi akupe cheti chake, uangalie aina ya chuma na tarehe ya ukaguzi unaofuata.