240Z au Supra?
Mkuu, umeuliza kati ya magari mawili ya zamani, Datsun 240Z ya 1971 na Toyota Supra ya 1993, lipi ya kukaa nayo hapa Dar. Kwa heshima Datsun haina mpinzani: ilinyakua Safari Rally 1971 na 1973, injini lita 2.4, kabureta mbili, hakuna kompyuta ya kukusumbua. Ila kutu inaila balaa! Chungulia chini ya betri kabla hujatoa hata mia, na kwa upepo huu wa chumvi ndio kabisa. Supra ile ya turbo ina injini ya 2JZ, lita 3, turbo mbili. Injini ndugu yake isiyo na turbo ipo kwenye Toyota Crown za mjini, mafundi wa Gerezani wanaijua. Mimi Supra. Foleni ya Morogoro Road bila AC? Hapana.