Mwanangu, kuhusu yale madini uliyoniuliza

Mwanangu, waalaikum salaam. Voisi yako nimeisikia. Unauliza kama dunia yote inalilia haya madini adimu, wenyewe wanayaita rare earths, mbona wanaoyachimba wanafilisika, na ati kuna jamaa wanakushawishi ununue ploti karibu na kilima cha Mrima kule Kwale, ati yako pale.

Hayo madini si moja babu, ni 17, na kwenye mwamba yanatoka yamechanganyika. Watu wanagombania neodimiamu, ya sumaku kali za mota za magari ya umeme na mitambo ya upepo, lakini pale Mountain Pass, Marekani, karibu nusu ya yanayotoka ni seriamu, hiyo ya kung'arishia vioo. Ni kama wavu wa jarife wa ami yako, anafuata nguru anarudi na kila kitu. Sasa ukichimba zaidi kwa sababu ya neodimiamu, seriamu inajaa sokoni bei inaanguka, na gharama ya kuitenganisha na wenzake ushalipa. Tena huko kutenganisha ndiko kwenye kazi yenyewe, China peke yake inafanya kama asilimia 90.

2010 China ilipobana mauzo ya nje, bei zikapaa mpaka 2011, Molycorp wenye mgodi huo wa Mountain Pass wakakopa wakajenga, kumbe wenye viwanda nao hawakulala, wakatafuta njia ya kutumia kidogo, migodi mingine ikaingia, bei ikaporomoka na 2015 Molycorp chali. Lynas ya Australia ilipona, Wajapani waliikopesha na wakawa wateja wake. Mgodi unachukua miaka kusimama lakini bei inageuka kwa miezi, wallahi mimi nisingetia hata shilingi.

Ndiyo maana Julai 2025 wizara ya ulinzi ya Marekani ikawaahidi MP Materials, wenye mgodi ule saa hii, kwamba bei ya neodimiamu na praseodimiamu, mwenzake wa kwenye sumaku, haitashuka chini ya dola 110 kwa kilo kwa miaka 10. Nilicheka peke yangu, si hao hao walikuwa wakitusomesha soko huria!

Mrima madini yapo, sikatai, lakini kuna msitu mtakatifu wa kaya ya Wadigo pale na kuna thoriamu yenye mionzi, na kampuni iliyokuwa na leseni ilifutiwa 2013. Hao wauza ploti waulize mtambo wa kutenganisha utajengwa wapi na hiyo seriamu atainunua nani. Wakikujibu vizuri nipigie.

Mamako anasema ile hela ya fundi imefika.